Chapuchapu na Mtoto wa Tatu

Jina la Chapuchapu alilipata kwenye meza ya pasi. Alikuwa dobi, na kwa shati la mikono mirefu hakuwa na mpinzani. Kola, mabega, mikono, mgongo, na shati linaning'inia kwenye kamba likiwa bado na joto, wakati dobi mwenzake hajavuka kola. Mwenzake huyo alikuwa mzee mpole aliyependa kuzitia nguo wanga mpaka suruali zikaweza kusimama zenyewe ukutani, ndiyo maana wateja wakamwita Mzee Wanga. Wageni wa mtaa waliposikia jina hilo walisita kidogo mlangoni, wakidhani humo ndani kuna mambo ya usiku.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu," Mzee Wanga alizoea kumwambia.

"Baraka ninazo, mzee. Nguo ndizo zimeniishia."

Lakini uzazi si shati. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikaa njiani siku mbili. Uchungu ulikuja, ukapoa, ukarudi na nguvu mpya, na kila zamu ya wauguzi ilimkuta pale pale. Mwisho mtoto akavutwa kwa kifaa. Chapuchapu aliona kitu cha rangi ya zambarau kikipita mbele yake ndani ya kitambaa cha kijani, akasikia viatu vikikimbia, mlango ukajifunga. Alipouliza, aliambiwa, "Amechoka, mama. Anasaidiwa kupumua." Alimwona kesho yake mchana. Mtoto alikuwa ameshaoshwa, ameshanyweshwa, amevishwa kofia ya kuazima, amelala fofofo. Wakamwambia ndiye huyu. Akaamini, kwa sababu hakuwa na namna nyingine.

Mtoto wa pili, mvulana, alikuja kinyume kabisa. Ilikuwa mchana, Mzee Wanga ametoka kupeleka nguo kwa wateja, na Chapuchapu akahisi mgongo umekaza kama kamba ya kuanikia. Alidhani ni kusimama sana. Akakunja shuka, akanyoosha mkono kuchukua jingine, maji yakamwagika miguuni. Hakufika mlangoni. Mtoto alitokea nyuma ya meza ya pasi, juu ya rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, na mwanamke wa duka la jirani aliyesikia ukelele mmoja tu ndiye aliyewahi kumdaka. Kisha damu ikaja, nayo haikutaka kukoma. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni harufu ya nguo inayoungua, maana pasi alikuwa ameiacha imelala.

Mumewe alikuwa fundi friji. Waliomwita walimwambia tu akimbie, na alipofika alimkuta mkewe sakafuni, macho yamegeuka, midomo imepauka kama majivu. Alimbeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari. Chapuchapu alizinduka hospitalini akiwa na damu za watu wengine mwilini, na ilimchukua siku kadhaa kabla ya kukutana na mwanawe, ambaye mama mkwe alikuwa amemchukua kwenda kumlea. Alimkuta na tabia zake tayari. Alikuwa ameshazoea chupa, ameshazoea bega la bibi yake, na alipopewa mama yake alilia kama mtu aliyekabidhiwa kwa mgeni.

Hivyo mara zote mbili alizaa, na mara zote mbili hakuwepo.

Watu walimwambia amshukuru Mungu, naye alimshukuru. Watoto walikua vizuri. Msichana alikuwa mwepesi wa kusahihisha watu hata akaitwa Mwalimu. Mvulana alikula kila kilichowekwa mbele yake, akaitwa Bonge. Chapuchapu aliwapenda sana. Lakini palikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu kila alipojaribu kulipanga mdomoni lilionekana dogo, la kudeka.

Mama yake alifariki Chapuchapu akiwa bado msichana wa shule, na katika yote aliyomwachia, kilichokaa zaidi ni hadithi moja. Alikuwa akiisimulia akimsuka nywele, kichwa cha binti kikiwa katikati ya magoti yake. "Ulipotoka hukulia," alikuwa akisema. "Ulifumbua macho ukanitazama. Nami nikakutazama. Tukakaa hivyo kama watu waliowahi kukutana mahali, kila mmoja anajaribu kukumbuka ni wapi." Chapuchapu alikuwa akitulia wakati huo hata kama nywele zinavutwa. Alipofiwa, hadithi ile ikawa ndiyo mama yake. Na alipokuwa mtu mzima, kila alipoona mwanamke ametoka hospitalini na kichanga, swali lililomjia halikuwa la uzito wa mtoto wala anafanana na nani. Alitaka kuuliza, je, mlitazamana?

Basi mimba ya tatu ilipoingia, Mwalimu akiwa tayari ana meno mapya mbele, hofu na hamu zilimwingia kwa mlango mmoja.

Mumewe yeye alikuwa na hofu tupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na fundi friji alikuwa akishtuka hata mkewe akiinama kuokota kijiko. Jioni moja, akiwa amefungua mota ya friji juu ya meza ya kulia chakula, alisema bila kuinua kichwa, "Safari hii upasuliwe. Daktari apange siku, twende tukiwa tumevaa vizuri kama watu wanaokwenda harusini, akutoe mtoto, turudi."

"Na nikiwa sitaki?"

"Hutaki nini? Kisu, au kuwa hai?"

Alijuta kabla sentensi haijaisha, ikaonekana kwenye mabega yake. Aliweka bisibisi chini. "Mama watoto, mimi si daktari. Lakini wewe hukujiona siku ile. Mimi nilikuona."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa umezimia."

Hilo ndilo lililokuwa likimuuma Chapuchapu. Kila mtu aliijua siku ile kuliko yeye. Mumewe alikuwa na kumbukumbu zake, jirani wa duka alikuwa na zake, hata Mzee Wanga, aliyerudi akakuta umati, alikuwa na cha kusimulia. Mwenye tumbo hakuwa na kitu.

Kliniki, daktari alimsikiliza kwa heshima na hakuficha neno. Alimwambia aliyewahi kutokwa damu namna ile anaweza kutokwa tena, kwamba uchungu uliokuja kwa kasi mara ya pili unaweza kuja kwa kasi zaidi mara ya tatu, na kwamba kujifungulia nyumbani asikufikirie hata kwa utani. Upasuaji ungewezekana, siku ikachaguliwa mapema. Upasuaji nao una damu yake na kovu lake. Au angeweza kulazwa mtoto akishakomaa, akaanzishiwa uchungu. "Nenda ukafikirie," alisema, "lakini usifikirie mpaka mtoto atuchagulie."

Nje ya chumba cha daktari, mkunga mkuu alimpima mapigo ya moyo wa mtoto. Alikuwa mwanamke mnene, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, na mikono yake ilikuwa na joto, jambo ambalo dobi hulitambua upesi. Alisikiliza, akatikisa kichwa kuridhika, kisha akauliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Chapuchapu alifungua mdomo. Machozi ndiyo yaliyotangulia. Mkunga hakushangaa wala hakumbembeleza. Alimvutia kiti, akafunga mlango kwa mguu.

"Nataka kuwepo," Chapuchapu alisema hatimaye. "Nataka akitoka nimwone mimi wa kwanza. Niwe macho. Nimshike kabla hajaoshwa, kabla hajavishwa kofia ya mtu. Najua ni jambo dogo, dada."

"Nani amekuambia ni dogo?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi uache kujisikiliza," mkunga alisema, akakaa. "Hebu tulipange. Mtoto amekaa vizuri, kichwa kiko chini. Wewe tatizo lako si kuzaa. Tatizo lako ni umbali, na ile damu ya baadaye. Umbali unatibika kwa miguu. Hamia karibu na hapa kabla wiki za mwisho hazijaanza, na ukihisi chochote, hata mgongo tu, unakuja. Ukifika tunakuwekea njia ya dripu mapema, damu ya kundi lako inakuwa tayari, na mtoto akitoka tu unachomwa sindano ya kukaza kizazi. Hayo yote yatafanyika huku mtoto yuko kifuani kwako. Mikono yetu ni mingi, kifua ni kimoja."

"Na ikishindikana?"

"Ikishindikana tunakupasua, na tutakupasua ukiwa macho, na nitamleta shavuni kwako mimi mwenyewe. Siwezi kukuahidi njia, dada yangu. Naahidi kwamba sitasahau ulichoniomba."

Daktari alipoulizwa, alifikiri, akakubali, kwa sharti moja: wiki za mwisho asilale mbali. Kilichobaki ni fundi friji. Alipoambiwa, aliuliza tu, "Utakaa wapi?"

Palikuwa na shangazi, dada wa baba yake Chapuchapu, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba za safu nyuma ya hospitali. Alikuwa mpishi wa jiko la hospitali mpaka magoti yalipomstaafisha, na walinzi wote wa lango walikuwa wameshakunywa uji wake. Aliishi peke yake na redio, na hawakuwa wakielewana. Redio ikisema mvua itanyesha, yeye anaanika. Redio ikisema mambo yatakuwa mazuri, anaipunguza sauti. Alimpokea Chapuchapu kwa kumzunguka mara moja kama mtu anayekagua kabati la mitumba.

"Tumbo limeshuka," alisema. "Ingia. Kitanda ni chako, mimi nitalala kochini. Na usiniambie hapana, maana nimeshatandika."

Watoto walibaki na baba yao na bibi yao. Siku ya kuagana, Mwalimu alimsahihisha mama yake mara mbili ili asilie, na Bonge alikataa kabisa kumpa mkono. Alijificha nyuma ya pazia, akaacha miguu nje.

Ndipo Chapuchapu alipojua kwamba kungoja ni kazi, tena asiyoijua. Yeye aliyezoea kumaliza rundo la nguo kabla chai haijapoa, sasa hakuwa na rundo. Dirisha la chumba cha shangazi lilitazama uwanja wa nyuma wa hospitali, mahali pa kuanikia mashuka ya wodini, na kila asubuhi alisimama hapo akiumia.

"Angalia wanavyoanika," alimwambia shangazi. "Pindo chini, mikunjo katikati. Shuka hilo likikauka hata uchawi haulinyooshi."

"Nenda basi ukawapigie pasi, uzalie hapo hapo. Si ndiyo mtindo wako?"

Walicheka mpaka Chapuchapu akashika tumbo. Lakini jioni kicheko kiliisha. Jioni simu ilipigwa kutoka nyumbani, na sauti za watoto zikaja zikiwa ndogo, zimebanwa, kama zimetoka ndani ya kopo. Mwalimu alitoa taarifa: bibi anaweka chumvi nyingi, baba ameunguza sare, Bonge amelala na kanga ya mama na hataki ifuliwe. Bonge mwenyewe hakusema kitu. Alipumua tu kwenye simu, pumzi nzito za mtoto mnene, na Chapuchapu akaibana simu sikioni azisikie vizuri. Kisha mumewe alichukua simu, akauliza, "Kimya?" maana yake tumbo. "Kimya." Hawakuwa na maneno mengi zaidi ya hayo, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Aliwatamani. Alitamani harufu ya kichwa cha Bonge akitoka kucheza juani, na namna mumewe alivyoacha viatu vimepishana mlangoni, jambo ambalo miaka yote lilimkera. Na chini ya hamu hizo ilikuwepo ile nyingine, ya zamani, inayomtaka mama yake.

Asubuhi moja walikuwa wakiosha vyombo, shangazi akiosha, yeye akifuta. Chapuchapu akaisimulia hadithi ya mama yake, namna walivyotazamana. Aliisimulia kwa raha, kama anayemwonyesha mtu picha. Shangazi alisikiliza akisugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Alikuambia hivyo?"

"Mara nyingi. Kila akinisuka."

Shangazi akaiweka sufuria chini. "Mwanangu, mimi nilikuwepo siku hiyo. Mama yako alishikwa na kifafa cha uzazi. Alipokuwa akikuzaa hakujijua, na kesho yake hakujijua. Siku ya tatu ndipo alipofumbua macho, akauliza kama amezaa. Mimi ndiye niliyekupokea. Mimi ndiye uliyenitazama, kama ulinitazama, maana kwa kweli ulikuwa unalia tu."

Chapuchapu aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Kwa hiyo alinidanganya."

"Sijui kama ni uongo," shangazi alisema taratibu. "Aliponiuliza nimsimulie, nilimsimulia. Akaniuliza tena. Mwaka mzima aliniuliza: alitoka vipi, alifanya nini, macho yalikuwaje. Mwisho akaacha kuniuliza. Nadhani alikuwa ameshatengeneza ya kwake."

Siku hiyo Chapuchapu hakula vizuri. Alikwenda akalala na uso ukutani. Kwanza aliona hasira, kwamba kitu alichokishika miaka yote kama urithi hakikuwahi kutokea. Kisha hasira ikamtoka kidogo kidogo, akabaki akimwona mama yake, kijana kuliko alivyo yeye sasa, akimfuata wifi yake jikoni kuomba asimuliwe kuzaliwa kwa mtoto wake mwenyewe. Hakuwahi kumkumbuka mama yake kwa uchungu kama siku ile. Kama angekuwa hai, wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Jumapili mumewe alikuja na mfuko wa machungwa, amenyoa ndevu. Walikaa kitandani bega kwa bega kama wageni wa hospitali. Alikuwa ameongea na daktari. Upasuaji ungali unawezekana. Neno moja tu, na wiki hiyo hiyo yote yangekwisha.

"Sikulazimishi," alisema. "Nimesema sitakulazimisha. Nimekuja kuomba."

Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Chapuchapu alikaribia kukubali. Hadithi yenyewe haikuwa ya kweli. Mama yake hakuipata saa hiyo, naye akamlea, akampenda, akamsuka. Kwa nini basi amweke mume wake roho mkononi kwa ajili ya kitu ambacho hata aliyemfundisha kukitamani hakukionja? Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Lakini kiu haiishi kwa kuambiwa jirani naye hakunywa. Aliigusa hamu yake, kama mtu anavyogusa jino kwa ulimi, akaikuta ipo pale pale. Sasa hata haikuwa ya mama yake tena. Ilikuwa yake.

"Baba watoto," alisema, "siku ile uliniona nikienda. Nimeelewa. Mimi nataka uje unione nimebaki. Nipe nafasi hiyo. Na daktari akisema kisu, kitakuwa kisu, sitabisha hata kidogo."

Mumewe alimenya chungwa lote, akampa. "Mle ndani sitaingia," alisema mwisho. "Nisamehe. Ile damu siwezi kuiona tena."

"Shangazi ataingia."

"Shangazi atawagombeza wauguzi."

"Ndiyo maana."

Mtoto alichagua asubuhi ya kawaida. Shangazi alikuwa akibishana na redio juu ya bei ya sukari, Chapuchapu yuko dirishani akitazama mashuka, mgongo ukakaza. Safari hii hakujiambia ni kusimama. "Shangazi," alisema, "twende." Shangazi, ambaye magoti yake yalihitaji maombi hata kwenda dukani, alishika mkoba kwa mkono mmoja na mkono wa Chapuchapu kwa mwingine, wakatoka na ndala. Mlinzi wa lango alitaka kuuliza jambo, akaangaliwa jicho moja na mpishi wake wa zamani, akafungua.

Mkunga mkuu alikuwa zamu. Aliwaona kutoka mwisho wa ukumbi na hakuuliza chochote, alivaa miwani. Sindano ya dripu ikaingia mkononi uchungu wa pili wenye nguvu ukipanda. Shangazi alimpigia simu fundi friji, aliyekuwa jikoni kwa watu na friji limefunguliwa mgongo, akamwambia, "Njoo, na usikimbie ukagongwa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu ulikuja kama maji yaliyovunja kingo. Haukumpa nafasi ya kupumzika kati ya wimbi na wimbi. Kuna wakati Chapuchapu alishikwa na woga ule wa nyuma ya meza ya pasi, woga wa kuanguka ndani ya kitu kisicho na sakafu, akasema, "Naenda, naenda." Mkunga akainama karibu na sikio lake.

"Huendi popote. Uko hapa. Mimi naitwa mkunga, huyu ni shangazi yako, hicho ni kitanda. Usisukume sasa. Pumua kama unapuliza chai. Hivyo hivyo. Mpunguze mwendo, huyu ana tabia zako."

Akapuliza. Shangazi naye akapuliza, muuguzi mmoja naye akajikuta anapuliza. Halafu mkunga akasema, "Shusha mikono yako," na Chapuchapu akaishusha, ikakutana na kitu chenye joto, chenye utelezi, kizito kuliko alivyofikiri, na akakivuta yeye mwenyewe mpaka kifuani.

Alikuwa msichana. Hakutulia wala hakutazama. Alilia, amekunja uso kwa hasira kama mteja aliyerudishiwa shati si lake. Pajani Chapuchapu alihisi sindano ikiingia, alihisi mkono ukikanda tumbo, alimsikia mkunga akisema damu ni ya kawaida, kisha akirudia, ni ya kawaida kabisa. Yote hayo yalikuwa yakitokea mbali, huko chini. Yeye alikuwa akitazama sikio. Lilikuwa limekunjika upande mmoja, na mbele ya macho yake likaanza kujikunjua lenyewe, polepole. Mtoto akachoka kulia. Akafumbua jicho moja, la pili lilikuwa limegandana, akalielekeza mahali fulani karibu na kidevu cha mama yake.

"Ndiyo mimi," Chapuchapu alimwambia.

Shangazi aligeuka akatazama ukuta.

Fundi friji alifika mtoto akiwa bado hajaoshwa. Alisimama mlangoni, mikono myeusi kwa grisi, akitazama sakafu kwanza. Aliitazama kona hadi kona. Ndipo akainua macho taratibu, kuanzia miguu ya kitanda, shuka, mkono wenye dripu, mpaka usoni.

"Uko macho?"

"Niko macho. Njoo."

Akaingia mwenyewe. Alipofika kitandani akakaa chini sakafuni, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa godoro, na mabega yake yakatikisika. Chapuchapu akamwekea mkono kichwani. Mkunga akawapitia kwa pembeni kubeba beseni, akasema tu, "Baba, ukimaliza kulia nenda ukanawe, mtoto anakungoja."

Ungedhani hapo hamu yake ilikwisha. Haikwisha. Siku zilizofuata iligeuka upande mwingine, na hilo hakulitegemea. Zamani alikuwa akitamani kitu asichokijua, kwa hiyo hakujua ukubwa wake. Sasa alikijua. Alijua uzito wa mtoto ambaye hajafutwa, joto lake, namna sikio linavyojikunjua. Na kila alipomnyonyesha huyu mdogo aliwakumbuka wale wawili. Waliyakunjua masikio yao mbele ya nani? Mwalimu ndani ya kitambaa cha kijani, Bonge juu ya mashuka ya wageni. Saa zile zilikuwa zimepita na hakuna dobi wa kuzirudisha.

Watoto waliletwa nyumbani kwa shangazi kumwona mdogo wao. Bonge alipanda kitandani bila kumtazama mtoto, akasukuma kichwa chake chini ya mkono wa mama yake, akabaki hapo akipumua. Mwalimu alisimama wima, akachunguza vidole vya kichanga kimoja kimoja, akatangaza kuwa viko vyote. Alitaka kusimuliwa kila kitu. Chapuchapu akamsimulia, mpaka pale aliposhusha mikono akamvuta mwenyewe.

Mwalimu akaviacha vidole vya kichanga. "Na mimi ulinivuta hivyo?"

Shangazi, aliyekuwa akipunguza sauti ya redio, aliacha mkono hewani. Chapuchapu alimwona mama yake tena, na kitana, na magoti pande zote mbili za kichwa cha mtoto. Ingekuwa rahisi. Maneno yote alikuwa nayo, tena mazuri, yaliyojaribiwa miaka mingi.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Wewe ulikuwa umechoka, wakakuchukua kukusaidia kupumua. Nilikuona kesho yake. Nililala macho wazi nikikuulizia, kila aliyepita nikimuuliza. Nilitamani sana kukushika, na mpaka leo natamani."

Mwalimu alilipima jambo hilo kwa uso wa mtu anayekagua hesabu. "Kwa hiyo mimi uliniona nikiwa msafi," alisema.

"Msafi kabisa. Na kofia."

"Kofia ya nani?"

"Sijui, mama yangu. Ya kuazima."

Mwalimu akavua viatu, akavipanga, akapanda upande uliobaki wa kitanda. Alikuwa mkubwa sana kwa kubebwa. Miguu ilining'inia nje, ncha za viwiko zilichoma. Alijilaza hata hivyo, kichwa juu ya mkono wa mama yake, uso umemwelekea. Kwa muda walitazamana, halafu Mwalimu akaona aibu, akafumba macho, akajifanya amelala, na baada ya kujifanya kwa muda akalala kweli. Redio ilisema mvua itanyesha. Shangazi akatoka kwenda kuanika. Mkono wa Chapuchapu ulianza kufa ganzi, kwanza vidole, kisha mpaka begani, naye hakuusogeza.